Pongo wa Matayo, Kisu cha Isihaka

Usije ukastaafu Masuguru, pale Korogwe, ndugu yangu, kama unachotaka ni kupumzika. Isihaka alishuka kutoka kiwanda cha chai kule Dindira akiwa na godoro, redio, sanduku la bati na magoti mawili yanayouma, akadhani shughuli imekwisha. Loo! Wiki haijaisha, msikiti ukamfanya katibu wa kamati ya choo. Mtaa ukamfanya mjumbe wa maji. Ukoo ukamfanya msuluhishi wa ndoa za watu, maana eti yeye ana muda. Ukitokea msiba Manundu, "Mzee Isihaka aende, hana kazi." Mjukuu apelekwe shule, babu yupo. Hata jirani aliyetaka mtu wa kumwangalizia matofali yake yasiibwe hakuhangaika kwenda mbali. Mtu kafanya kazi maisha yake yote, kastaafu, sasa anafanya kazi kuliko zamani, na bado anaitwa asiye na kazi.

Alikuwa amechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka umepona. Ule mwingine, wa kuamka nao.

Chini kabisa ya sanduku lile la bati, ndani ya kipande cha khanga kuukuu, kulikuwa na kisu. Alikifua mhunzi wa Kwemikole, kijiji alichozaliwa Isihaka huko Handeni, kutokana na springi ya Landrova mbovu. Miaka yote ya Dindira, katika ukungu ule na baridi ile ya kuingia mifupani, Isihaka alikuwa akikitoa kila Ijumaa baada ya sala, anakinoa, anakijaribu kwenye vinyweleo vya mkono, anakirudisha. Wenzake kiwandani walikuwa wakimcheka.

"Unamnolea nani, Mzigua? Majani ya chai?"

"Nikistaafu mtaniona," alikuwa akijibu.

Aliyejua kisu kile kinanolewa kwa ajili ya nini ni Matayo. Babu yake Matayo aliletwa na mkonge, akaukata mpaka akafa. Mkonge ulipolala, baba yake akahamia Kwemikole kulima mahindi, na Matayo akakua pamoja na Isihaka, wakichunga mbuzi wale wale na kuchapwa na shangazi yule yule. Baadaye Matayo alipata bunduki ya marisau, na leseni yake halali. Lakini Matayo ni Mkristo, na watu wengi wa Kwemikole ni Waislamu. Mnyama wake akitaka kuliwa na kijiji kizima, sharti Mwislamu amfikie na kisu roho haijatoka. Akifa kabla ya kisu, basi, ni kibudu. Wa kanisani watakula, wa msikitini watameza mate. Ndiyo maana wawindaji wa kule hutoka wawili, mmoja wa bunduki na mmoja wa kisu. Wa bunduki anahitaji jicho. Wa kisu anahitaji miguu.

Na ujanani Isihaka alikuwa na miguu, we acha tu! Bunduki ikilia, yeye kashafika. Nyama ya Matayo alikuwa akiipika Shangazi Mwatumu, dada wa marehemu baba yake Isihaka, katika chungu kimoja. Hakuna aliyeuliza nyama imepita mikononi mwa nani. Watu walinawa, wakala.

Halafu Isihaka akapata kazi ya chai, akapanda mlimani. Kutoka kiwandani, siku isiyo na ukungu, alikuwa akiiona nyika ya kwao imelala kule chini, rangi ya simba, mbali. Kila msimu wa kibali cha kuwinda Matayo alimtumia salamu, na simu zilipokuja akampigia. Njoo basi. Njoo mwaka huu. Na Isihaka alikuwa na jibu lake moja tu, amelizoea kama mswaki.

"Kawia ufike, ndugu yangu. Nikistaafu nitakuja nikae mpaka mnichoke."

"Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako," Matayo alikuwa akimjibu, nao hucheka wote wawili.

Mara chache alizokwenda alikwenda kwa haraka, kwa msiba au kwa Idi, akala, akaaga. Ikafika mahali Matayo hamuulizi tena habari za safari. Akimwona tu anatokea na mfuko wake, anamwuliza, "Unaondoka lini?"

Basi, alipostaafu, msimu wa kwanza ukapita, kamati ya choo inajenga. Wa pili ukakaribia kupita, mjumbe wa maji anasuluhisha ugomvi wa mabomba. Ndipo Matayo alipopiga simu, na safari hii hakutania.

"Jicho la kulia limekwisha, Isihaka. La kushoto lina mtoto wa jicho. Mwanangu Lea anakuja kunichukua mwisho wa mwezi, nikaishi kwake Dodoma. Bunduki nairudisha polisi, nimeshawaambia. Nina kibali cha pongo dume mmoja. Mmoja tu. Nataka kijiji kile chungu kimoja kabla sijaondoka, na Mustapha nimemwambia akae. Nimemwambia mwenye kisu anakuja."

Mustapha ndiye aliyekuwa akishika kisu miaka yote ambayo Isihaka hakuwepo. Kijana mwenye watoto wanne, lakini miguu ya ngiri.

Isihaka alibaki na simu mkononi. Mkewe, Hajira, alikuwa akichambua mchele kizingitini, na sauti ya Matayo ilikuwa imemfikia yote, maana simu ya mzee wa Masuguru husikika mpaka barabarani.

"Baba Yusra, nenda."

"Kesho kutwa kuna kikao cha—"

"Cha choo. Choo hicho kimekaa bila wewe tangu wakoloni. Nenda, mwanamume, kabla sijakuchukia."

Akaenda. Siku ile ile akapanda basi la Handeni, kisu kimefungwa kwenye khanga yake ndani ya mfuko wa nguo, akashukia njia panda, akachukua bodaboda mpaka Kwemikole, magoti yakigongana kwenye kila shimo. Matayo alikuwa ameketi mlangoni kwake, kofia imeshushwa kulikinga jicho.

"Unaondoka lini?" akauliza, kabla hata vumbi halijatua.

"Kesho kutwa asubuhi. Kuna kikao kidogo."

"Ahaa," Matayo akasema, akamnyoshea mkono aketi.

Jioni ile Mustapha alikuja kumwamkia. "Shikamoo mzee." "Marahaba." Akayatazama magoti ya Isihaka jinsi yalivyonyoshwa juu ya kigoda kama kuni, akakohoa kwa adabu.

"Mzee, kesho mimi nitawafuata nyuma nyuma tu. Kama patakuwa na mwinuko, nikusaidie."

Hapo ndipo angesema ndiyo. Neno moja tu, ndiyo, na hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini mtu umenoa kisu Ijumaa zote hizo, umechekwa na wafanyakazi wa chai, umevumilia ukungu, halafu eti umpe kijana akukimbilie? Isihaka aliona moto umempanda usoni.

"Wewe kaa hapa na wenzako, mje kubeba," akasema. "Kisu hiki kinanijua mimi."

Matayo akamgeukia na lile jicho lake moja lenye ukungu. "Una hakika?"

"Ala! Nimetoka Korogwe kuja kuangalia?"

Shangazi Mwatumu, ambaye sasa hutembea ameinama kama anatafuta sindano, alikuwa ameshakiosha chungu kikubwa, amekigeuza juani kikauke.

Walitoka alfajiri wakati jogoo wa pili anawika. Nyika ilikuwa kavu, majani yanavunjika chini ya miguu, na harufu ile ya vumbi lenye umande ikampiga Isihaka puani akataka kulia. Kweli kabisa, akataka kulia. Alikuwa ameisahau. Alikuwa ameinolea kisu harufu ile, na ameisahau. Walitembea polepole, Matayo mbele akisikiliza zaidi ya kuangalia, Isihaka nyuma akijifanya anatazama nyayo ili apate kupumzisha goti. Jua lilipochomoza Matayo alisimama mara nyingi, na kila aliposimama, Isihaka alimshukuru Mungu kimyakimya.

Pongo walimkuta ukingoni mwa korongo, dume, pembe zake zimesokotwa, anakula chipukizi za kichaka. Isihaka ndiye aliyemwona. Akamgusa Matayo begani, akamwelekeza mtutu kwa kidole, kidogo kushoto, kidogo tena. Wazee wawili wakawa jicho moja. Bunduki ikalia. Pongo akaruka juu, akatua, akapiga mbio, akalivuka korongo, akaanguka upande wa pili ndani ya vichaka.

"Kimbia, Isihaka!"

Akakimbia. Nisikudanganye, alikimbia kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Kisu mkononi, kanzu fupi imekunjwa kiunoni, akashuka korongo kwa makalio, miiba ikamchana mapaja. Kule juu alimsikia pongo akitapatapa kwenye majani makavu, akipiga miguu. Yu hai! Akasema bismillahi ya kujitayarisha, akaanza kupanda ukingo. Goti la kulia likakataa. Akalishika kwa mkono, akaliweka juu ya jiwe kama mtu anayeweka mzigo, akajivuta. Akateleza, akarudi chini. Akajivuta tena, kifua kinawaka, mdomo una ladha ya shaba. Majani kule juu yalikuwa bado yanapigwapigwa, lakini taratibu. Halafu yakapigwa kidogo. Halafu Isihaka, uso ukiwa kwenye udongo wa ukingo, hakusikia kitu tena isipokuwa pumzi yake mwenyewe.

Alipofika, pongo alikuwa amelala ubavu, macho wazi, yana maji bado. Isihaka akamwekea kiganja kifuani. Kimya. Akaligusa jicho kwa ncha ya kidole. Halikupepesa. Mwili wa moto, mzuri, manyoya mekundu yenye madoa meupe, na roho hakuna.

"Umewahi?" Sauti ya Matayo ikatoka ng'ambo.

"Nimewahi!" Isihaka akajibu.

Ulimi ulimtangulia. Hata yeye alishtuka kuusikia. Lakini maneno yalishavuka korongo, na kule ng'ambo Matayo akapiga ukelele wa furaha kama kijana, ukelele ule wa zamani, ambao Isihaka hakuwa ameusikia tangu nywele zao zikiwa nyeusi.

Basi kata, akajiambia. Kata upesi. Nani ameona? Mustapha yuko kijijini. Matayo haoni. Kibali ni cha mnyama mmoja, bunduki inarudi, hakuna kesho ya jambo hili. Chungu kimeshaoshwa. Akamgeuza pongo kichwa kuelekea kibla, akaivuta ngozi ya koo, akaweka makali. Akafungua mdomo alitaje jina la Mungu. Mdomo ukakauka. Alimwona akilini Shangazi Mwatumu, jino lake moja, akiusogeza mnofu kutoka upande huu wa ufizi kwenda upande ule, akimwamini yeye. Si kumwamini Matayo. Yeye.

Akakiondoa kisu. Akaketi chini, mgongo kwenye kichaka, asijali miiba.

Matayo alichukua muda mrefu kuvuka, akijishika kwenye mizizi. Alifika anahema na kucheka pamoja, akapiga magoti, akapapasa kwa mikono mpaka akaifikia shingo. Akaipapasa tena. Kicheko kikafifia.

"Hujakata."

"Sijakata."

"Yu hai?"

"Alikufa mimi niko chini kwenye korongo. Nilimsikia anakufa, Matayo. Nimekudanganya kwamba nimewahi. Sikuwahi."

Matayo alibaki amepiga magoti, mkono wake juu ya shingo nzima ya pongo.

"Kata tu," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Kata, twende. Ni mimi na wewe."

"Shangazi atakula haramu kwa mkono wangu?"

"Hatajua."

"Mimi nitajua kila atakapotafuna."

Hapo Matayo akakasirika. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumkasirikia mbele ya macho yake, na sasa hasira ikaja yote kwa pamoja, kongwe, imelala muda mrefu. "Mustapha alikuwepo!" akasema. "Mustapha angemfikia kabla hajaanguka! Nikamwambia kaa, mwenyewe anakuja. Kila msimu nasema mwenyewe anakuja. Watu wananicheka, wewe Matayo, mwenyewe gani huyo? Kawia ufike, kawia ufike! Haya, umekawia. Umefika wapi?"

Isihaka aliona haya, na chini ya haya aliona huzuni, na chini ya huzuni palikuwa na uchovu tu, mwingi, kama mtu aliyebeba gunia mpaka sokoni akakuta soko limevunjika.

"Sikuchelewa leo," akasema. "Nilichelewa zamani. Leo nimekuja kuoneshwa tu."

Matayo alifuta jicho lake lenye ukungu kwa nyuma ya mkono. Labda lilikuwa linatoa maji ya maradhi. Kisha akaingiza vidole viwili mdomoni akapiga mluzi wa kuwaita wabebaji.

Mustapha alikuja wa kwanza, kama ilivyotarajiwa. Akamtazama pongo, akaitazama shingo, akamtazama mzee. Alikata mti, wakamfunga pongo miguu, yeye na mwenzake wakambeba begani, na alipopita karibu na Isihaka alimpa mkono, akamwinua. Adabu ile ilimuuma Isihaka kuliko tusi.

Kijijini alisema mwenyewe, mbele ya watu waliokuwa wameshakaa kwenye mikeka. "Jamani, nyama hii ni kibudu. Miguu yangu haikufika. Kosa si la Matayo." Watu wakatazama chini. Mtu mmoja akasema ni kudra. Mwingine akasema, pole mzee. Shangazi Mwatumu akamwinulia uso kwa shida.

"Isihaka mwanangu," akasema, "umezeeka bila kutuaga."

Akakirudisha chungu kikubwa ndani. Wanawake wa kanisani wakaleta sufuria zao, wakapikia nyama upande wa pili wa uwanja, na Shangazi akainjika maharage. Siku ambayo Matayo aliitaka iwe ya chungu kimoja ikawa ya mioshi miwili. Harufu ya pongo ikavuka uwanja ikakaa juu ya mikeka ya Waislamu, nao wakazungumzia mvua.

Maharage yalipakuliwa na ugali. Isihaka aliketi pembeni ya mkeka, mkono wa kulia umenawishwa, asile. Mfukoni simu ikaanza kulia. Akaitoa, akaona jina: Mwenyekiti wa kamati. Ikalia, ikalia, watu wakageuka. Akaizima, akaiweka chini ya mkeka.

Ndipo alipomwona Matayo anavuka uwanja, polepole, anapapasa ardhi kwa fimbo. Kule alikotoka walikuwa wamemwekea sinia la kwanza, ini na mnofu wa paja, haki ya mwenye bunduki. Alikuwa ameliacha. Akafika, akaipapasa ncha ya mkeka kwa mguu, akavua viatu, akaketi bega kwa bega na Isihaka.

"Nyama yako kule inapoa," Isihaka akamwambia.

"Nyama nimekula kila msimu," Matayo akasema. "Wewe ndiye niliyekukosa."

Akanawa. Akamega tonge, akachovya kwenye maharage, akatafuna taratibu, macho yake mabovu yameelekea kule nyikani. Kisha, kwa mazoea, akauliza.

"Unaondoka lini?"

Isihaka alikitoa kisu kiunoni, kikavu, kikali kama kilivyotoka Dindira, akakiweka mkekani mbele ya Mustapha, pamoja na khanga yake. Mustapha akakitazama, akakifunika kwa kipande kile cha khanga.

"Siku utakayoondoka wewe," Isihaka akajibu.

Matayo alipapasa mpaka akalifikia bakuli la maharage, akalisogeza karibu na mkono wa mwenzake.